Magunia Saba ya Ngai-ngai

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Nimemwagilia. Magunia saba, kopo moja kila gunia, maji tuliyooshea maharagi. Muti wa tatu umefika kwenye goti langu, na goti langu si fupi. Chini mawe ya volkano, ndani ya magunia udongo wa Kibumba, juu yake mimi na kopo. Mukulima wa kwanza Ndosho nzima. Wenye diploma waje wajifunze.

Daftari hii hakuna mutu anayeisoma, kwa hiyo niseme kweli. Nilianza kazi hii kwa ajili ya Koko, mama ya Mama. Alifika mwezi wa saba kutoka upande wa Kindu, na tangu afike hakuli. Anagusa fufu, ugali wetu wa muhogo, kama mutu anayejaribu pasi kama ina moto. Amebaki mifupa na maneno. Muuguzi wa kituo cha afya alimupima kila mahali, akasema ugonjwa hauoni, mutafutieni kitu anachopenda.

Anapenda kitu kimoja. Mboga ya ngai-ngai, ile ya kwao. Si ile nyekundu ya sokoni. Ya kwao ni ya kijani, jani lina vidole kama mukono, chachu mpaka masikio yanasogea. Alifungua pembe ya kitenge chake, mule alimofunga mbegu. Kumi na moja. Akanipa mimi, hakumupa Mama. Koko anajua nani ni nani.

(Mama alikuwa sokoni. Ni mimi tu nilikuwa nimekaa bure.)

Zimeota saba. Moja ililiwa na kuku. Tatu nilizizamisha kwa maji mengi. Hiyo ya kuzamisha Koko hajui.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Leo tumevuna mara ya kwanza. Majani matatu kila muti. Koko anahesabu. Ukikata la nne anapiga kelele kama umemukata yeye. Mama akachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia mafuta ya mawese na sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Koko amekula. Amekula! Nusu sahani ya fufu, halafu akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akaimba kitu cha kwao, sauti kama mulango wenye kutu. Mama akatoka nje, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika zamani.

Nimefurahi vibaya sana. Nataka watu wajue.

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba

Watu wamejua.

Nilienda kwenye kona, pale vijana wanapolaza chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakingoja muzigo. Nikakuta Baraka na wenzake. Baraka ni rafiki yangu, ndiye aliniletea udongo kutoka Kibumba, akaufichaficha katikati ya makabeji. Leo alikuwa anasifu breki yake mpya. Breki! Kipande cha mupira wa gari kilichopigwa misumari. Mimi siwezi kumuacha mutu ajisifu peke yake, ni ugonjwa.

Nikasema, "Bakieni na breki zenu. Miye niko na jani kule kwetu, Ndosho hii haijaona. Koko alikula Jumatano, mpaka leo anaimba."

"Jani gani?"

"La vidole vitano."

Wakapiga kelele. "Weye Dieume! Na koko yako pia?" Nikacheka kuwapita wote. Nikaongeza kwamba akikula tena atacheza. Nilikuwa mutamu sana leo.

Njiani nikafikiri kidogo. Vidole vitano. Jani lingine lenye vidole ninalijua, na wao wanalijua kuliko mimi. Nikaacha kufikiri.

Jumanne, tarehe 17 Oktoba

Mama Solange, jirani, yule anayeuza makala ya kupikia. Amesimama nyuma ya uzio wa mbao, jicho kwenye tundu. Nikamusalimia. Nikasikia anahesabu taratibu: moja, mbili, tatu, ine, tano. Kisha akavuta mutoto wake kwa sikio, eti asicheze tena upande huu.

Mutoto ana miaka mitatu. Atavuta na nini, na meno ya maziwa?

Alhamisi, tarehe 19 Oktoba

Papa Shefu amekuja. Shefu wa avenie yetu, mukubwa wa mutaa, mutu wa koti, hata jua liwake namna gani. Nyuma yake vijana wawili wenye panga. Nyuma yao, avenie yote.

Hapa niandike kitu cha zamani. Mwaka jana Papa Shefu alinikamata nyuma ya ukuta wa shule na kipande cha bangi kinawaka. Nilikuwa nimevuta mara moja tu. Sawa, mara tatu. Akanishika sikio kutoka pale mpaka kwa Mama, polepole, ili kila mutu apate nafasi ya kutoka nje kuangalia. Kwa hiyo leo nilipofungua mudomo hakuna aliyesikia maneno. Waliona ule moshi tu.

Nikasema ni mboga. Akasema, "Mboga ya vidole tano?" Nikakata jani, nikatafuna mbele yake, nikamupa lingine.

"Kula, Papa Shefu. Ni chachu tu."

Akaruka nyuma kama nimemupa nyoka. "Weye mutoto! Miye nikule bangi mbele ya raia?"

Watu wakacheka. Si yeye waliyekuwa wanamucheka.

Panga lilikuwa limeshainuliwa juu ya gunia la kwanza. Ndipo Koko akatoka ndani, peke yake, ameshika ukuta. Hakupaza sauti. Akasema, "Mutoto yangu, ngoja ua. Bangi haina ua kama la hii. Ukiliona, na ukasema bado ni bangi, utakata, na miye mwenyewe nitakushikia gunia."

Papa Shefu ana heshima kwa wazee, hiyo lazima niiandike. Alivua kofia. Akatoa wiki tatu. Ijumaa tarehe 10 Novemba, saa nane za muchana, atarudi. Asipoona ua atakata, atachoma, na sisi tutatoka kwenye nyumba. Bayere, mwenye nyumba, ameshamuambia hataki wapangaji wenye kesi ya bangi.

Nyumba. Mboga ya Koko na nyumba, vyote kwa sababu ya mudomo wangu. Nimeandika, sifuti.

Jumapili, tarehe 22 Oktoba

Kanisani benchi yetu ilikuwa na nafasi kubwa sana. Mungeweza kulaza ng'ombe. Mama aliimba kwa nguvu kuliko siku zote. Kurudi alitembea mbele yangu njia nzima, bila kugeuka. Ningependa anipige.

Nina haya. Nina hasira pia, lakini haya ndiyo kubwa.

Kitu kimoja kizuri. Tukitoka nilipita kwenye uzio wa parokia, ule wa maua mekundu. Mwaka wa pili wa sekondari, kabla sijaacha shule (au shule haijaniacha, tusibishane), mwalimu wa biolojia alitupeleka pale kuchora ua moja kila mutu. Petali tano. Katikati kitu kirefu kinachotoka nje kama ulimi, kimejaa vichwa vidogo vya unga wa njano. Nilipata tisa juu ya kumi. Tisa pekee ya maisha yangu. Mwalimu aliinua karatasi yangu darasa zima lione, akauliza nani amenichorea.

Nyumbani nikamuuliza Koko ua la ngai-ngai liko namna gani. Amelala, hakufungua hata macho. "Njano kama ndizi inayoanza kuiva. Ndani jicho la damu. Na katikati ulimi."

Ulimi! Koko hajakaa kwenye benchi ya shule hata siku moja. Ngai-ngai na ua la parokia ni ndugu. Baba mumoja, mama mumoja. Yule mwalimu angenipa kumi.

Jumatano, tarehe 25 Oktoba

Jumatatu waliniibia. Sikuandika, sikuwa na moyo. Gunia la sita na la saba, majani yote yamenyonyolewa kama kuku, zimebaki fimbo. Nililia. Kidogo.

Leo jioni amekuja Baraka. Macho mekundu, anakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Amekuja kulalamika! Eti walikausha yale majani juu ya bati siku mbili, wakavuta watu wanne, na hakuna kitu. Kichwa kuuma, tumbo kuuma, basi.

"Dieume, umetudanganya. Kitu yako haina nguvu."

Sikujua nimupige au nimukumbatie. Ushahidi! Ushahidi umekuja kwa miguu yake mwenyewe na unakohoa! Nikamuambia twende sasa hivi kwa Papa Shefu, umuambie hivyo hivyo.

Akanitazama kama mimi ndiye niliyevuta. "Nimuambie nini? Niliiba bangi, nikavuta, ikakuwa mboga?"

Wapi. Alikimbia akasahau kandambili moja.

Nimebaki na magunia matano na kandambili.

Jumatatu, tarehe 30 Oktoba

Matumba! Yametokea pale jani linapoungana na muti, madogo kama pipi, yana manyoya. Nimemushika Koko mukono mpaka nje. Akayagusa namna watu wanagusa pua ya mutoto muchanga.

Sasa tatizo. Tangu siku ya Papa Shefu, Koko amekataza kukata hata jani moja. Nguvu yote iende kwenye ua, anasema. Kwa hiyo hakuli ngai-ngai, na kitu kingine hataki. Fufu imekuwa tena pasi. Nimemuomba jani moja tu. Hataki. Mama akachukua kisu. Koko akamuambia kutoka kitandani, "Nikule leo, kesho mulale wapi?"

Mama akarudisha kisu.

Muuguzi amepita tena. Amesema asipokula ataishiwa nguvu. Amesema hivyo mbele yangu, kama nimeuliza.

Nachukia tarehe 10.

Ijumaa, tarehe 3 Novemba

Limefunguka.

Asubuhi, gunia la kwanza, chini kabisa. Njano hafifu, jicho la damu, ulimi. Kubwa kama kiganja. Nilisimama na kopo, maji yanamwagika kwenye miguu yangu. Nikaita Mama, nikaita Koko, nikaita hata Mama Solange. Halafu nikakimbia kwa Papa Shefu bila viatu.

Hayupo. Ameenda Kibati kwenye kilio, atarudi muchana. Nikakaa kwenye jiwe mbele ya mulango wake. Saa tatu. Saa tano. Saa saba. Saa nane na nusu pikipiki ikamushusha. Sikumupa nafasi hata ya kunywa maji. Tulitembea haraka, yeye na koti lake, jasho.

Ua limefunga. Limejisokota lote kuanzia ncha mpaka chini, jembamba, refu.

Papa Shefu akainama, akaangalia. Akaniangalia mimi. "Hii ndiyo ua yako? Hata muti wenyewe umejisokotea sigara."

Hata mimi ningecheka, kama ingekuwa parsele, kiwanja, ya mutu mwingine.

Koko ameniambia baadaye. Linafunguka asubuhi, saa saba limekwisha. Ni la siku moja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema kwao kila mutu anajua.

Na Papa Shefu atakuja saa nane za muchana. Nilimuomba abadilishe, aje asubuhi. Akasema yeye si wa kupangiwa saa na mutoto wa bangi.

Jumamosi, tarehe 4 Novemba

Hakuna.

Jumanne, tarehe 7 Novemba

Hakuna. Mvua ya mawe jana, imeangusha matumba sita. Gunia la nne limevunjika muti. Niliufunga na kamba ya kandambili ya Baraka, lakini umelegea.

Koko leo hakuamka. Anasikia, anajibu, lakini kuinuka hapana. Mukono wake nikiushika naona kama nimeshika kijiko. Nilikata jani moja kwa siri, nikalipika mwenyewe kwenye kopo, nikamupelekea. Alinusa kabla sijafika mulangoni. Akageukia ukuta.

Nilikula mwenyewe. Chachu. Sijawahi kula kitu kwa hasira namna hiyo.

Alhamisi, tarehe 9 Novemba

Asubuhi nimemubeba Koko mugongoni mpaka nje. Hana uzito. Alipita kila gunia akiwa mugongoni kwangu, anabonyeza matumba kwa vidole viwili. Kwenye gunia la tatu akasimama, maana yake akanipiga bega nisimame. Tumba la juu. Ncha yake imepasuka kidogo, ndani njano.

"Kesho," akasema.

Kesho. Asubuhi. Na Shefu ni saa nane. Nikafikiri mpaka kichwa kikawa moto. Kama Papa Shefu hawezi kuja kwa ua, ua liende kwa Papa Shefu. Lakini ukilikata linanyauka kabla ya kufika, Koko amesema. Basi liende na muti, na gunia, na udongo wote wa Kibumba. Gunia moja tu nimejaribu kuliinua. Limeinuka kidole kimoja. Na mimi si mudhaifu, kila mutu anajua.

Nikaenda kwenye kona. Sikujisifu. Nilimurudishia Baraka kandambili yake, bila kamba, nikamuomba chukudu yake kwa kesho asubuhi. Ni mara yangu ya kwanza kuomba kitu bila kujisifu kwanza. Baraka alingoja kidogo, labda alifikiri bado nitaongeza kitu. Sikuongeza.

"Saa ngapi?" akauliza.

Ijumaa, tarehe 10 Novemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa kumi na mbili na nusu limefunguka. Gunia la tatu, juu kabisa, kama muti umevaa kofia. Baraka alikuwa ameshafika. Nilikimbia parokia, nikakata ua moja jekundu la uzio (Mungu anisamehe, lilikuwa linaangalia barabarani), nikarudi. Tukainua gunia juu ya chukudu, tukalifunga kwa kamba mbele na nyuma.

Koko akasema anaenda.

Mama akasema, "Mama, utaanguka."

"Nianguke juu ya ngai-ngai yangu."

Tukamukalisha kwenye ubao, nyuma ya gunia, amelikumbatia kama mutoto. Ua likawa karibu na shavu lake. Baraka mbele kwenye usukani, mimi nyuma nasukuma, Mama pembeni ameshika Koko kiuno.

Barabara yetu ni mawe matupu. Kila jiwe niliona petali zinatikisika, na kila jiwe niliona shingo ya Koko inatikisika, na sikujua niangalie lipi. Watu wakatoka nje. Mutoto mumoja akapiga kelele, "Dieume anapelekea Shefu bangi! Na koko yake!" Basi ikawa maandamano. Wanawake wenye mabeseni, watoto wenye mifuko ya shule, vijana wote wa kona. Mama Solange pia, mikono myeusi ya makala. Siku nyingine ningepunga mukono kama mubunge. Leo nilisukuma tu.

Papa Shefu alitoka na mswaki mudomoni. Singlendi, taulo shingoni. Sijawahi kumuona bila koti. Ni mutu mwembamba, ana mifupa hapa kwenye mabega kama sisi wote. Nilimuonea huruma kidogo, sijui kwa nini.

Nikaweka ua jekundu karibu na la njano. Nikaanza. Sauti ilikuwa ndogo kama ya panya.

"Papa Shefu, hesabu. Petali tano hapa. Petali tano pale. Angalia ulimi. Angalia unga kwenye ulimi, hapa, na pale. Ni familia moja. Hili la parokia unalipita kila Jumapili. Bangi haina petali. Haina ulimi. Mimi bangi…" nikasimama. Nikaona Mama. Nikaendelea. "Mimi bangi niliishika mwaka jana, wewe uliona. Ningekuwa nayo ningeificha. Hii nimeileta mwenyewe."

Mke wake, Mama Shefu, akatoka na sufuria, akainama, akaangalia moja, akaangalia lingine. "Lakini Papa, ni kweli. Ni kama lile la parokia. Limekosa rangi tu."

Papa Shefu akazunguka gunia. Akazunguka tena. Watu walikuwa wengi, na alishasema ni bangi mbele ya hao hao. Niliona ni vigumu kwake. Ni vigumu kwangu pia kila siku, kusema nilikosea.

Ndipo Koko akanyoosha mukono, akakata jani. La kwanza kwake tangu siku ile. Akalipasua mara mbili. Nusu akaweka mudomoni mwake, akatafuna na yale meno machache. Nusu akamunyooshea.

"Mutoto yangu, nimekuja mpaka kwako. Kula."

Papa Shefu akatema povu la mswaki. Akachukua. Akala.

Uso wake ulikunjika wote ukaelekea katikati. Jicho moja likafunga. Watoto wakapiga makofi. "Chachu!" akasema. "Aye! Hii ni chachu!" Na Koko, anatafuna, anatingisha kichwa kama mwalimu.

Lakini mutu mumoja nyuma akasema, "Mbichi, sawa. Na ikikaushwa?"

Nikafa.

Baraka akajibu. Ameshika usukani wa chukudu, anaangalia gurudumu. "Hata ukaushe, haina kitu. Kichwa kinauma tu."

Papa Shefu akageuka taratibu sana.

"Weye umejuaje?"

Hakuna aliyecheka haraka. Kwanza walielewa, mumoja mumoja, halafu avenie yote ikaanguka. Mama Solange alijishika mbavu, akaacha alama za makala kwenye nguo. Papa Shefu akamushika Baraka sikio, lakini na yeye mabega yalikuwa yanatikisika. Akasema kwa sauti ya kazi, ile ya koti, kwamba amechunguza, na ni mboga. Ataongea na bayere mwenyewe, leo.

Baraka leo ana sikio refu kupita langu.

Njiani nilimuuliza kama maneno yalimuponyoka. Akasema ndiyo. Lakini Baraka mbele ya watu wakubwa hasemi hata jina lake. Sikuuliza tena.

Muchana tumepika. Majani matatu kila muti. Koko amekula sahani ndogo, akalala hapo hapo kwenye mukeka, kidole bado kina mafuta. Nimefukuza inzi mpaka alipoamka.

Jumapili, tarehe 10 Desemba

Nimemwagilia. Magunia mane.

Vifuko vya mbegu vya kwanza vimekauka. Ukivishika manyoya yake yanakuchoma, unajikuna siku nzima. Koko alivifungua kwenye kivuli cha nyumba, amekaa kwenye kiti, kitambaa magotini. Anakula siku hizi. Si sana. Muguu bado haumubebi mbali. Lakini anagombana na Mama juu ya chumvi, na Mama anafurahi kugombana.

Mama Solange alikuja kuomba mbegu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kwa ajili yake, wiki nne nayapanga. Koko akamujazia kiganja kabla sijafungua mudomo. Nikayameza. Yalikuwa mazuri kweli.

Kisha Koko akapasua kipande cha kitenge chake, pembe ile ile, akahesabu mbegu kumi na moja, akafunga fundo, akanipa.

"Hizi usizizamishe," akasema.

Kumbe alijua.

Leo asubuhi limefunguka ua moja, gunia la kwanza. Sikumuita mutu. Nilisogeza kiti cha Koko karibu, mimi nikakaa kwenye jiwe. Tuliliangalia mpaka likafunga.